Medali Haianzi na Jumba

Mwishoni mwa mwezi wa Julai, mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyoandaliwa na mji wa Birmingham, Uingereza, wanaume wawili walikutana katika fainali ya mbio fupi za baiskeli za uwanjani. Mmoja alikuwa Matthew Richardson wa Australia, nchi ambayo peke yake ni bara zima. Wa pili alikuwa Nicholas Paul wa Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa viwili vilivyo katika Bahari ya Karibi, yenye watu kama milioni moja na laki nne. Mwaustralia alipata medali ya dhahabu, mwanakisiwa akapata ya fedha, na Jack Carlin wa Scotland akawa wa tatu. Katika michezo hiyo hiyo Paul alitwaa pia dhahabu ya mbio za keirin na shaba ya mbio za kilomita moja. Medali tatu, za rangi zote tatu, kwa kijana mmoja.

Hii si habari ya kupitiwa hivi hivi na watu wa Unguja na Pemba. Sisi nasi ni watu wa visiwa viwili. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, kwa hiyo kwa idadi tunawazidi. Baiskeli si kitu kigeni kwetu. Hubeba samaki kutoka pwani, hubeba majani ya ng'ombe na nazi kutoka shamba, humpeleka mwanafunzi skuli na fundi kazini. Basi swali tunaloliweka leo mbele ya wananchi, na mbele ya viongozi waliokabidhiwa dhamana ya michezo, ni hili: wenzetu wana nini ambacho sisi hatuna?

Jibu jepesi ni kwamba wenzetu wana kiwanja cha kisasa. Tunasema kwamba hilo ni nusu ya jibu, na katika mambo ya fedha za umma nusu ya jibu yaweza kuwa na hasara kubwa kuliko kutojua kabisa.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana wengi wetu tumezoea kuona baiskeli zikishindana barabarani, makumi ya watu wakienda kwa saa nyingi. Mbio hizi ni nyingine. Hukimbiwa katika kiwanja cha mviringo chenye sakafu ya mbao, ambacho mzunguko wake katika michezo mikubwa ni mita 250, na kwenye kona sakafu huinuliwa mfano wa ukuta ulioegemezwa. Baiskeli zake hazina breki wala friwili. Miguu ikisimama, gurudumu nalo husimama. Kwanza kila mchezaji hupita peke yake kwa kasi yake yote katika mita 200, na saa humpima. Wenye saa nzuri ndio wanaoendelea. Kisha huingia uwanjani wawili wawili kwa mizunguko mitatu, na katika duru za mwisho mtu hana budi kumshinda mwenzake mara mbili ili apite.

Mtazamaji mgeni hushangaa. Watu waliokuja kushindana kwa kasi huanza kwa mwendo wa mtu aendaye sokoni. Aliye mbele hugeuza shingo kumtazama aliye nyuma. Aliye nyuma hupanda ukingoni, akashuka, akapanda tena. Pengine husimama kabisa juu ya baiskeli bila ya kutia mguu chini, kila mmoja akimngojea mwenzake aanze. Sababu yake ni upepo. Anayetangulia ndiye anayeukata, na anayemfuata kwa karibu hupumzika nyuma ya mgongo wake, kisha humpita katika mita za mwisho. Lakini anayengoja mno naye hupotea, kwani mwenzake akishachomoka hana tena muda wa kumfikia. Yote hayo huamuliwa katika sekunde kama kumi. Mwezi wa Septemba 2019, mjini Cochabamba, Bolivia, mji ulio juu milimani ambako hewa ni nyepesi, Nicholas Paul alipita mita 200 kwa sekunde 9.100, ikawa rekodi ya dunia. Huo ni mwendo wa kilomita 79 kwa saa, na injini yake ni miguu ya mtu.

Sekunde 9 ndizo zinazoonekana. Zilizo nyuma yake hazionekani, na ndizo tunazotaka kuzizungumza.

Mwaka 1966, michezo hii ya Jumuiya ya Madola ilipofanyika Kingston, Jamaica, bingwa wa mbio fupi za baiskeli alikuwa Roger Gibbon wa Trinidad na Tobago. Akatwaa pia dhahabu ya kilomita moja. Wakati huo nchi yake ilikuwa na miaka minne tu tangu kupata uhuru, mwaka 1962. Haikuwa na jumba la baiskeli lenye paa na sakafu ya mbao. Ilikuwa na viwanja vya wazi, kama kile cha Arima, ilikuwa na vilabu, na ilikuwa na watu waliokuja kutazama. Miaka minne baadaye, Edinburgh 1970, Leslie King wa nchi hiyo hiyo akapata shaba katika mbio hizo hizo. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, kijana wao Njisane Phillip alifika nusu fainali ya mbio fupi na kumaliza wa nne duniani, akaikosa medali kwa hatua moja.

Jumba lao la taifa la baiskeli, lililoko Couva, lilikamilika katikati ya miaka ya 2010. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Dhahabu ya Gibbon ilitangulia jumba hilo kwa karibu nusu karne. Phillip naye alifika nusu fainali ya Olimpiki kabla ya jumba hilo kuwapo. Kwa hiyo si jumba lililozaa wachezaji. Wachezaji, vilabu, makocha na mashabiki ndio waliolizaa jumba. Serikali yao ilipojenga, ilijenga juu ya msingi uliokwisha kuwekwa na watu.

Tusikosee kwa upande wa pili pia, tukasema jumba halina faida. Lina faida kubwa likikuta watu tayari. Baada ya kujengwa, nchi hiyo ilimwajiri mwalimu wa kigeni, Mmarekani Erin Hartwell, mtu aliyepata medali za Olimpiki katika mbio za kilomita moja mwaka 1992 na mwaka 1996. Paul alilelewa katika mpango huo, na baadaye akaendelea na mazoezi Aigle, Uswisi, katika kituo cha chama cha baiskeli duniani kinachopokea vijana na walimu kutoka nchi zisizo na uwezo mkubwa. Alipofika fainali ya 2022 alikuwa amebebwa na mikono mingi, ya zamani na ya sasa. Dhahabu yake ya keirin ilikuwa dhahabu ya kwanza ya baiskeli kwa nchi yake katika michezo hiyo tangu ile ya Gibbon. Miaka 56 ilipita katikati, na mchezo haukufa.

Wala hatusemi kwamba wenzetu ni malaika. Mwaka 2019, katika Michezo ya nchi za Amerika iliyofanyika Lima, Peru, timu yao ya mbio fupi ilishinda dhahabu, kisha ikanyang'anywa kwa sababu mchezaji mmoja alikutwa na dawa iliyokatazwa. Aibu ya mmoja iliwapotezea medali wote. Nalo ni somo: malezi ya mchezaji si ya miguu pekee.

Liko somo jingine, nalo linatoka kwa waandaaji wenyewe wa mwaka 2022. Birmingham ni miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Uingereza, lakini haukuwa na kiwanja cha ndani cha baiskeli. Haukujenga. Mashindano ya baiskeli za uwanjani yalipelekwa London, katika kiwanja kile kile kilichojengwa kwa Olimpiki ya 2012, ambacho kiliendelea kutumiwa na wananchi baada ya wageni kuondoka. Mji wenye uwezo ule ulikubali mchezo mmoja uchezwe mbali, kuliko kujenga jumba la siku chache na kubaki na gharama za miaka. Mwenye nacho amehesabu senti zake. Sisi tunaotafuta tutawezaje kutohesabu?

Tunalisema hili kwa sababu tunaijua tabia yetu. Sisi tunapenda jiwe la msingi. Tunapenda utepe wa kukatwa na kibao cha shaba chenye majina. Viwanja ni fahari, na hatubezi yaliyofanywa. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa wenzetu wa China, ulifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya mwezi wa Desemba 2023, na kila mwananchi ameona tofauti. Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, imepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na ni haki visiwa vyetu vijiandae. Lakini mpira wa miguu usiwe mkarafuu mmoja ambao kivuli chake hakiachi mche mwingine kuota. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022 Tanzania ilipata medali tatu: fedha ya marathoni ya Alphonce Simbu, na shaba mbili za ndondi. Hakuna hata moja iliyotoka katika mpira, na hakuna hata moja ya baiskeli. Medali za mataifa zimo katika michezo ambayo sisi tunaiita midogo.

Wapo watakaosema kwamba baiskeli ni chombo cha mnyonge, na kwamba maendeleo ni kumwondoa mwananchi juu ya baiskeli na kumpandisha gari. Fikra hiyo ni ya kikoloni, ingawa siku hizi imevaa nguo mpya. Wananchi wengi wa Trinidad ni wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Afrika na wa vibarua walioletwa kutoka India kulima miwa. Watu wa asili hiyo ndio waliosimama jukwaani wakavishwa dhahabu mbele ya waliowatawala. Hapana unyonge katika chombo. Unyonge umo katika kukidharau kile ulicho nacho.

Wapo pia watakaosema kwamba mahitaji ni mengi: maji, dawa, madarasa. Hao tunawaheshimu, kwa kuwa wanasema kweli. Lakini tunachokipendekeza hakimnyang'anyi mgonjwa dawa yake. Hatuombi jumba. Tunaomba mwanzo. Kila aliyepita chuoni anajua kwamba hakuna aliyehitimu msahafu bila ya kuanzia kwenye alifu, na alifu haina gharama ila ubao, mwalimu na subira.

Alifu ya mchezo huu ni saa. Tumekwisha kueleza kwamba hatua ya kwanza ya mbio fupi ni mtu mmoja kupita mita 200 kwa kasi. Kwa hilo yatosha kipande cha barabara kilichonyooka na chenye lami nzuri, mistari miwili ya chokaa, saa ya kupimia na daftari. Kipande hicho kifungwe kwa magari asubuhi ya Jumapili kwa saa mbili, kwa idhini na usimamizi wa polisi. Skuli zilete vijana wao. Mwenye baiskeli ya mizigo aje na ya mizigo. Kila kundi lipimwe kwa chombo cha namna yake. Majina na saa ziandikwe, na mwezi wa pili zilinganishwe na za mwezi wa kwanza. Baada ya mwaka mmoja Unguja na Pemba zitakuwa na kitu kisichonunuliwa kwa fedha: orodha ya kweli ya vijana wenye kasi, kutoka Makunduchi hadi Micheweni.

Orodha hiyo ina faida ya pili, nayo huenda ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Saa haina mjomba wala shangazi. Haijui mtoto wa nani, wala ametoka kisiwa gani, wala nani alimpigia simu nani. Malalamiko yanayosikika kila timu inapochaguliwa, kwamba wenye uwezo wameachwa na wenye kujulikana wamechukuliwa, na kwamba misafara huondoka na viongozi wengi kuliko wachezaji, hayatajibiwa kwa hotuba. Yatajibiwa kwa daftari lililo wazi, ambalo mzazi yeyote anaweza kulifungua akaona. Na kwa kuwa katika michezo ya Jumuiya ya Madola kijana wetu huingia chini ya bendera ya Jamhuri ya Muungano, akienda kugombea nafasi na wenzake wa Bara ni vyema aende na saa yake mkononi. Hoja ya namna hiyo haikataliki.

Hatua ya pili ni walimu. Kabla ya kufikiria kuleta mtaalamu wa kigeni, wachaguliwe walimu wawili vijana wa elimu ya viungo, mmoja kutoka Unguja na mmoja kutoka Pemba, wapelekwe kusoma ukocha. Kituo cha Aigle hufundisha makocha pia, si wachezaji tu. Wakirudi, wasikalishwe ofisini, wapewe vijana. Tumeona mara ngapi mtu akisomeshwa ng'ambo kwa kazi ya uwanjani, kisha akarudi akapewa meza na kiti, elimu yake ikaota ukungu kabatini?

Hatua ya tatu ni vifaa na mafundi. Kofia ngumu za kuvaliwa kichwani ziwe sharti, wala pasiwe na kijana atakayeruhusiwa kupimwa bila ya kofia, kwani kuanguka kwa mwendo huo si mchezo. Mafundi baiskeli wa mitaani, ambao huinyoosha rimu kwa jicho tu, waitwe wasaidie. Ujuzi wao ni hazina ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu. Na barabara zetu, ambazo ni nyembamba na zenye magari yanayozidi kila mwaka, ziwekewe ukingo wa salama wa waendao kwa baiskeli kila zinapojengwa upya. Hilo litamlinda mchezaji, lakini kabla yake litamlinda mvuvi, mkulima na mtoto wa skuli.

Hatua ya nne, na iwe ya nne kweli, ni kiwanja. Ikiwa baada ya miaka mitano daftari lina mamia ya majina na walimu wana vijana wa kufundisha, hapo Serikali itakuwa na haki ya kujenga kiwanja cha wazi cha saruji chenye kona zilizoinuliwa, bila ya paa na bila ya mbao za kuagizwa nje. Na ikiwa daftari litabaki tupu, tutakuwa tumepoteza chokaa tu. Mkarafuu haupandwi leo ukachumwa kesho, na aliyeupanda anajua kwamba miaka ya mwanzo ni ya kupalilia na kumwagia maji tu.

Isidhaniwe kuwa ndoto hizi ziko mbali na upande wetu wa dunia. Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, nayo yalikuwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Rwanda haikuanza na siku ile. Ilianza na mashindano yake yenyewe ya kuizunguka nchi, ikayalea mwaka baada ya mwaka, hata dunia ikaja kwao. Na waandaaji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2026, waliopanga kuifanyia Glasgow, walipoipunguza ratiba mpaka michezo kumi tu, baiskeli za uwanjani zilibakishwa. Mchezo huu hauondoki. Wala wenzetu hawatungojei: rekodi ya Paul ya mwaka 2019 ilivunjwa mjini Paris mwaka 2024, na mwaka 2025 Richardson yule yule, akiwa amekwisha kuhamia timu ya Uingereza, akaishusha chini ya sekunde 9.

Basi tunawageukia wahusika. Kwa Wizara na Baraza la Michezo tunasema: toeni kibali, saa na daftari, na litajeni jambo hili katika makadirio ya fedha, hata kwa fungu dogo, ili liwe na mwenyewe wa kuulizwa. Kwa viongozi wa Chama katika matawi na majimbo tunasema: kazi yetu ni kuwaongoza wananchi katika mambo yenye manufaa nao hata pale ambapo hapana kamera. Kwa wazazi tunasema: msimwone kijana anayependa baiskeli kuwa mpotezaji wa wakati, ila mhakikishe amesoma kwanza. Na kwa vijana wenyewe tunasema: anzeni na baiskeli mliyo nayo. Gibbon hakungojea jumba.

Wahenga wamesema kwamba ada ya mja hunena, na muungwana ni vitendo. Tumenena vya kutosha juu ya kuinua michezo katika visiwa hivi. Katika mbio za wawili wawili, mchezaji mwenye hekima hungoja, hutazama na hupima. Lakini kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia, anayeendelea kungoja hana jina jingine ila aliyeshindwa. Sisi tumengoja na tumetazama kwa muda mrefu. Mita 200 za lami zipo, chokaa ipo, vijana wapo. Asubuhi ya Jumapili moja inatosha kuanza.